Mawaridi Yaliyotoka Kijani

Ninyi mnaobaki pale karakana mmeniomba niandike, eti nikiondoka nitaondoka na mambo mengi kichwani. Mengi nimeshayasahau, na yaliyobaki mmeyasikia mara nyingi wakati wa kukanda udongo, mkijifanya hamsikii. Basi nayaandika ili siku mkibishana muwe na pa kuangalia. Vyeo sitavitaja, maana nilipata kimoja tu na hakikunibadilishia hata kiti. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaanza na nguruwe.

Yule mnayemkuta juu ya rafu karibu na mlango, mkubwa kama mtoto anayeanza kutambaa, mweupe na mwenye kung'aa, masikio juu na mawaridi mekundu-mekundu mgongoni, alitoka Uskoti. Alikuja ndani ya sanduku la Mamuzelle Elspeth, nesi wa misheni, akiwa amefungwa kwa masweta yake yote ya sufu. Kwao Mamuzelle kulikuwa na kiwanda kidogo cha vyombo vya udongo, katika mji wa wachimba makaa ya mawe, na wapakaji wa pale walipaka maua juu ya kila kitu kilichosimama: mabakuli, mitungi, paka, hata nguruwe. Alipofika Lubumbashi akaona watu wanachimba, udongo upo, mawe ya shaba yapo, akasema kumbe amefika kwao, ila jua limezidi. Alipochoka kuchoma watu sindano akaanzisha karakana yetu huku Annexe, pembezoni mwa mji, na nguruwe akawekwa juu awe mfano wa kazi nzuri. Sisi tulimwita Directeur, yaani mkurugenzi, kwa sababu alikaa juu, hakufanya kazi, na aliangalia kila mtu.

Siku yangu ya kwanza nilitoka kwetu Ruashi na viatu vya kanisani. Mama mmoja mnene, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, alinipokea kwa upole mwingi, akaniambia kazi ya mgeni hapa ni moja: kila asubuhi unasimama mbele ya Directeur, unainamisha kichwa kidogo, unamsalimu, ndipo unashika udongo. Nikafanya hivyo. Nilisema "Yambo, Directeur" wiki nzima, mama wengine wakiinamia kazi zao, mabega yakitikisika. Aliyenigundua ni Mamuzelle mwenyewe. Aliniuliza ninafanya nini, nikamweleza, naye akafikiri kidogo akasema niendelee, kwa kuwa nguruwe huyo hajawahi kuheshimiwa hivyo hata kwao.

Yule mama mnene alikuwa Mama Ngalula. Wazazi wake walitoka Kasai zamani, baba yake akiwa mwalimu, na yeye alirithi fimbo ya mwalimu ingawa hakuibeba mkononi. Ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Brashi zake alizitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya ndani ya masikio ya mbuzi, kwa sababu ni laini na hurudi mahali pake. Harusi yoyote iliyochinja mbuzi Annexe, Mama Ngalula alifika mapema na mkasi. Watu walidhani anapenda nyama. Alinifundisha kushika brashi kwa vidole vitatu na pumzi moja: unavuta hewa, unapaka petali, unaachia. Ukipumua katikati, petali inakuwa na tumbo. Mawaridi yangu ya mwanzo yote yalikuwa na mimba.

Tena tulikuwa na tatizo la rangi. Waridi la Directeur, roze kwa lugha ya mjini, ni jekundu jepesi, limejikunja petali juu ya petali. Sisi rangi hiyo hatukuwa nayo. Tulikuwa na kobalti ya bluu, na mawe ya kijani ya shaba tuliyoyaponda kwenye kinu mpaka yakawa unga. Shaba ikichomwa kwenye moto safi, chini ya emaye, yaani ile ngozi ya kioo inayofunika chombo, inatoka kijani, na haina njia nyingine. Sasa chukua ua lililojikunja petali juu ya petali, lipake kijani, liweke katikati ya sahani. Ni kabichi. Au shu, kama tunavyosema mjini.

Mama Ngalula hakukubali kamwe. Nakumbuka mama mmoja kutoka Ruashi alikuja kutafuta zawadi ya harusi, akanyoosha kidole, akaomba ile sahani ya shu. Mama Ngalula akamweleza taratibu kwamba si shu, ni waridi, ua la heshima, hata huko Ulaya linapakwa. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akakubali, akasema haina neno, basi apatiwe ile shu ya waridi. Jina likaenea. Wakubwa wa migodi waliokuwa wakirudi kwao walinunua sahani zetu za kabichi, wakazifunga vizuri, wakaenda nazo. Leo kuna watu duniani wanaodhani mboga hiyo ndiyo nembo ya Katanga.

Sasa niwaletee Papa Kisenga, maana bila yeye hakuna kinachoiva. Alikuwa mzee mrefu wa familia za hapa hapa, zilizokuwepo kabla ya mji. Babu zake waliyeyusha shaba kwenye tanuri za udongo wa kichuguu, na yeye alijenga tanuri yetu, ile tunayoiita furu, kwa udongo huo huo. Kwa babu zake, mtu mwenye ugomvi nyumbani hakusogelea moto. Papa Kisenga alileta sheria hiyo karakana. Siku ya kupanga vyombo ndani ya furu alisimama mlangoni, akauliza kila mmoja kama kwake kuna amani. Mwenye amani alipita na sahani zake. Mwenye ugomvi alikwenda kukaa nje, kwenye tofali, mpaka kazi iishe.

Mnaona wenyewe mahali pa kujificha. Kubeba sahani mbichi ni kazi inayovunja mgongo, na kukaa kwenye tofali kivulini ni raha. Ugomvi wa nyumbani ukaongezeka ajabu. Mama Charlotte aligombana na mumewe kila siku ya furu bila kukosa, mpaka Papa Kisenga akaenda kumtembelea huyo mume ili awapatanishe, akakuta ameondoka kwenda kutafuta kazi Likasi tangu msimu wa mahindi. Tangu siku hiyo Mama Charlotte alibeba sahani zake na za wenzake.

Papa Kisenga alikuwa na fahari moja: moto wake haukuwa na moshi. Alichagua kuni kavu, alizipasua mwenyewe, alizilisha kidogo kidogo. Moshi kwake ulikuwa aibu ya watu wanaochoma makala, yaani mkaa. Na hapo ndipo Mama Ngalula aliposhika vita. Mara moja kipande cha kuni kilianguka ndani, kikafuka kando ya bakuli moja, na upande ule wa bakuli ukatoka na doa jekundu, dogo kama kipele. Mama Ngalula aliliona. Akaenda nalo kwa Papa Kisenga, akamwambia moshi ndio unaogeuza shaba, kwa hiyo amfanyie moto wa moshi mara moja tu. Papa Kisenga akamjibu kwamba yeye si mpika pombe. Mama Ngalula akamwambia moto wake una kiburi kuliko mwenyewe. Wakaachana hapo, na hawakusemezana tena kwa miaka.

Hawakusemezana, lakini kazi lazima iende, na mimi ndiye niliyekaa katikati. Nikawa mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja, wamesimama hatua mbili. Papa Kisenga alinituma nimwambie yule mama kwamba sahani zake ni nzito kama mawe ya kusagia. Nikageuka nikasema: Mama, Papa anauliza kama udongo unaweza kupungua kidogo. Mama Ngalula akanituma nimwambie apunguze mdomo kwanza. Nikageuka nikasema: Papa, Mama anasema ataangalia. Wote wawili walikuwa wanasikia kila kitu. Walinisubiri nimalize kulainisha, kisha wakajibu kauli ile ngumu. Hata swali la amani lilipitia kwangu, na Mama Ngalula alijibu kila mara kwamba kwake nyumbani kuna amani tele, na ya kazini hakuulizwa. Papa Kisenga alitazama juu kidogo, halafu akampisha. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, na ilikuwa imesema nyumbani.

Mamuzelle akazeeka, akarudi kwao. Nguruwe alimwacha, alisema amekuwa mtu wa hapa. Na Mama Ngalula akaanza kugonga vikombe.

Mwanzo tulicheka, tukadhani ni haraka. Kisha nikaona anageuza kichwa pembeni ili kutafuta brashi iliyokuwa mbele yake. Daktari alimwambia ni presha ya macho, imeshakula pembeni, na kilichopotea hakirudi. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi, na mwanzi unazidi kuwa mwembamba. Alinieleza hayo siku tuliyokuwa tukiponda mawe ya kijani, bila kulia, akiendelea kuponda.

"Véro," akasema, "hata ule nguruwe iko na maroze yake. Miye napaka tangu nilikuwa kijana, na ya kwangu sijaona hata moya. Mbele ya macho kufunga, napenda nione moya."

Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia vumbi. Kisha nikaenda kwa Papa Kisenga, aliyekuwa anapasua kuni, na kwa mara ya kwanza nikamfikishia maneno ya Mama Ngalula kama yalivyo, bila kuongeza sukari. Aliuliza ni jicho gani. Nikasema yote mawili. Akapasua kuni nyingine, akaipanga, akasema nimwambie yule mama kwamba moto wake hauna moshi. Nilimchukia siku hiyo, na ninamwomba Mungu asinihesabie. Ujumbe ule sikuupeleka. Nilimwambia Mama Ngalula kwamba Papa sikumkuta.

Furu iliyofuata ilikuwa imejaa mawaridi yake. Aliyapaka polepole, uso karibu na bakuli mpaka pua ikashika rangi. Tulipanga vyombo, tukaulizwa amani, tukapita. Moto ukawashwa asubuhi, ukapanda vizuri, na jioni jua likiwa bado juu ya miti, ndani ya tundu la kuchungulia kulikuwa na ile rangi ya chungwa bivu inayosema bado kidogo tu. Saa hiyo Papa Kisenga hakuwahi kusogea kutoka kwenye moto hata kwenda kujisaidia. Siku hiyo aliacha kila kitu, akaingia karakana kwa hatua ndefu, akasimama mbele ya Mama Ngalula, akamsemesha yeye mwenyewe.

"Nani amegeuza Directeur anaangalia ukuta?"

Tukainua macho sote. Kweli, nguruwe alikuwa ametupa mgongo, mkia wake uliojikunja umetuelekea. Mama Ngalula aliweka brashi chini.

"Weye unasema na miye, ao unasema na nguruwe?"

Hapo mlango wa ugomvi ukafunguka. Maneno yote niliyokuwa nimeyalainisha miaka ile yalitoka magumu, moja baada ya jingine, na mengine sikuwahi kuyasikia. Mawe ya kusagia yalitajwa. Kiburi cha moto kilitajwa. Mbuzi wa watu walioachwa bila nywele masikioni walitajwa. Papa alisema amechoka kuchoma mboga, Mama akasema amechoka kupikiwa na mtu asiyejua kupika. Sisi tuliacha kazi tukasimama ukutani, na nakiri ilikuwa tamu. Papa Kisenga alikuwa akitoka na kurudi, akipiga kelele njiani pia, mpaka mwanamke wa jirani akaingia na ndoo ya maji akiuliza nini kinaungua. Tukakimbia nje. Juu ya furu ulisimama moshi mweusi, mnene, nguo zote zilizoanikwa mtaani zimeshaharibika. Papa Kisenga alikuwa tayari ameziba mdomo wa furu kwa udongo, na bomba pia, mikono imechafuka hadi viwiko. Akatuambia tuangalie ugomvi ulivyomharibia moto wake, kama babu zake walivyosema, na mtu yeyote asiiguse furu.

Tulingoja furu ipoe. Siku ya kuifungua hakuna aliyetania. Safu ya kwanza ilitoka nyeusi kama sufuria. Ya pili ilikuwa na rangi ya maini. Kisha Papa Kisenga akaingiza mkono ndani kabisa, akatoa bakuli moja, akalifuta kwa shati lake, akanipa mimi nilipeleke, kwa desturi yetu. Nikalibeba kwa mikono miwili. Mama Ngalula akalipokea, akaenda nalo kwenye mwanga, akageuza kichwa huku na huku akitafuta mahali pa kuonea. Alipolipata waridi lake alitulia. Petali zake zilikuwa nyekundu nyepesi, pembeni zikififia, kama za Directeur, labda nzuri zaidi kidogo, ingawa mbele yake sithubutu kusema.

"Iko roze," akasema. Kisha akamgeukia Papa Kisenga bila kunipitia. "Papa Kisenga, moto yako iko na moshi."

"Njo bugomvi," akajibu, kwamba ni ugomvi tu, akaenda kunawa.

Mimi nilitumwa nyuma ya furu kufagia. Huko, chini ya magunia, nilikuta mabaki ya matawi mabichi, majani bado juu yake, yamekatwa kwa panga na kupangwa kwa urefu mmoja kama Papa Kisenga alivyopanga kila kitu. Kando yake palikuwa na karai la udongo wa kuzibia, uliokandwa vizuri, nusu umetumika. Mtu aliyeshtukizwa na ugomvi hakandi udongo wa kuzibia mapema. Na kuhusu Directeur, pale karakana ni mtu mmoja tu aliyeweza kuifikia rafu ile bila ngazi. Nikafunika kwa magunia, nikaendelea kufagia. Nilidhani ni siri ya watu wawili: yake na yangu.

Tangu hapo tulikuwa na aina mbili za furu. Ya kijani tuliichoma kwa amani. Ya waridi ilihitaji ugomvi, na wote wawili waliushika kama kazi. Walikaa kila mmoja upande wake, wakangoja rangi ya chungwa bivu, halafu mmoja akaanza. Waligombana juu ya mpira, juu ya unene wa bukari, ugali wetu, juu ya mhubiri gani anapiga kelele zaidi. Baada ya kuziba mdomo wa furu walikunywa chai pamoja. Mama Ngalula aliendelea kupaka kwa kupapasa hata mwanzi wake ulipofunga kabisa, na mawaridi yake ya wakati ule ndiyo ninayoyapenda zaidi, yamekaa ovyo kidogo, kama yamepakwa na mtu anayecheka.

Papa Kisenga alitutoka msimu wa mvua uliopita. Kwenye kilio Mama Ngalula alikaa karibu na moto wa kupikia, moshi ukimwendea usoni, akakataa kuhamishwa.

Ndiyo maana furu yangu ya mwisho mimi sikuwa na raha nayo. Ninyi mliitaka iwe ya waridi, mnipe sahani ya kuondokea. Mlikuwepo, lakini mlikuwa upande wa mbele mkichungulia tundu, kwa hiyo hamkusikia. Mama Ngalula alifika ameshikwa mkono na mjukuu wake, akamwambia mjukuu akatafute kiti mbali. Halafu akanivuta nyuma ya furu.

"Véro, majani mabichi umekata?"

Nikamtazama. Nikasema nimekata jana.

"Na udongo ya kuziba?"

"Iko tayari, Mama. Lakini nani alikuambia?"

"Ule siku ya kwanza nilisikia arufu ya majani tangu asubui. Macho yangu njo ilikuwa mubaya, pua ilikuwa muzuri." Akajishika kwenye ukuta wa furu, uliokuwa wa moto, akauacha mkono hapo kidogo kuliko inavyofaa. "Muntu anakata miti muzima sababu ya maua yako, utamukatalia bugomvi?"

Miaka yote ile, basi, tulikuwa watatu tunaojua, kila mmoja akiwaficha wengine wawili. Ninyi mkaniita, mkisema rangi ya chungwa imefika. Tukaja mbele. Mama Ngalula alijinyoosha, akapapasa mpaka akapata mdomo wa furu, akaanza. Alimwita marehemu kwa jina, bila Papa. Akamwambia ameondoka na kuacha tanuri yenye nyufa, kuni hazijapasuliwa, watoto hawa hawajui kulisha moto, na tena hajaaga. Alinyamaza katikati, kama alivyozoea, kumwachia nafasi ya kujibu. Ninyi mliinamisha vichwa. Akanigeukia.

"Véro. Anasema nini?"

Maneno matamu yalinijia mengi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko ya brashi. Nikayameza yote.

"Anasema ile haiko roze, Mama. Iko shu."

Alicheka mpaka akalazimika kunishika bega, na machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona.

"Mwambie," akasema, "mwambie moto yake iko na moshi."

Nikaugeukia mdomo wa furu nikamwambia, neno kwa neno, bila kulainisha kitu. Kisha nikasukuma matawi ndani.